Dawa za Kushusha Lehemu: Bei Imeshuka, Kazi Iliyobaki ni Kupimwa na Kutoacha

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Mgonjwa anayetoka kliniki ya kisukari au ya shinikizo la juu la damu mjini Bukoba au Muleba huweza kukuta kwenye cheti chake, miongoni mwa dawa alizoandikiwa, jina linaloishia na neno “statini”: simvastatini, atorvastatini au rosuvastatini. Dawa hiyo haimwondolei maumivu, kwa kuwa hana maumivu. Haishushi homa wala haileti usingizi. Akiimeza leo, kesho hatahisi tofauti yoyote. Hata hivyo anaelekezwa aimeze kila siku, mwezi baada ya mwezi, pengine kwa maisha yake yote, na mara nyingi ailipie.

Ni rahisi kuelewa kwa nini wengi huiacha. Fedha ya kahawa inapokwisha na ada ya shule inapodaiwa, kidonge kisichohisiwa ndicho cha kwanza kuondolewa kwenye bajeti ya kaya. Wengine huiacha kwa sababu jirani amewaambia kuwa inaharibu misuli, au kwa sababu kipimo cha mwisho kilionesha lehemu imeshuka, wakaamini kuwa wamepona.

Makala haya yanaeleza dawa hizi ni nini, zimetoka wapi, kwa nini bei yake imeshuka duniani, zinafikaje Kagera, nani anazihitaji na nani hazihitaji. Lengo ni kumwezesha mwananchi kuzungumza na daktari na mfamasia wake akiwa na uelewa, na kufanya uamuzi ambao hatauju­tia.

Lehemu na mishipa ya damu

Lehemu, ambayo wataalamu huiita kolesteroli, ni aina ya mafuta ambayo mwili unaihitaji. Hutumika kujenga kuta za chembe hai, kutengeneza baadhi ya homoni, vitamini D na nyongo inayosaga mafuta ya chakula. Sehemu kubwa ya lehemu iliyomo mwilini haitoki kwenye sahani, bali hutengenezwa na ini. Ndiyo maana mtu mwembamba, anayekula ndizi na maharage kila siku, bado anaweza kukutwa na lehemu nyingi, hasa ikiwa ameirithi hali hiyo kwa wazazi.

Lehemu haiwezi kuyeyuka katika damu, hivyo husafirishwa ndani ya vifurushi vidogo. Vifurushi vinavyojulikana kwa kifupi kama LDL huipeleka lehemu kutoka kwenye ini kwenda mwilini. Vikizidi, hupenya kwenye kuta za mishipa na kujenga tabaka la mafuta ambalo huongezeka polepole kwa miaka mingi. Mwenye tabaka hilo hajui. Siku linapopasuka, damu huganda juu yake na kuziba mshipa. Likiwa kwenye mshipa wa moyo, hilo ni shambulio la moyo. Likiwa kwenye mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Tatizo hili si la nchi tajiri pekee. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 17.9 walifariki dunia kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya magonjwa hayo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionesha kuwa takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na idadi inayokaribiana na hiyo ilikuwa na lehemu iliyozidi kiwango.

Kutoka ukungu wa mchele hadi kidonge

Historia ya statini inaanzia nchini Japani. Mwanasayansi Akira Endo, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Sankyo jijini Tokyo, aliamini kuwa baadhi ya kuvu hujilinda dhidi ya viumbe wengine kwa kuwazuia kutengeneza lehemu. Yeye na wenzake walichunguza maelfu ya aina za kuvu. Mwaka 1973 walipata walichokitafuta katika ukungu wa rangi ya kibuluu na kijani uliokuwa umeota kwenye mchele. Endo alifariki dunia Juni 2024 akiwa na umri wa miaka 90.

Utendaji wa dawa hiyo ni rahisi kueleza. Ini hutumia kimeng’enya fulani kutengeneza lehemu. Statini huziba nafasi ya kimeng’enya hicho, uzalishaji ukapungua. Ini linapoona lehemu yake imepungua, huongeza vipokeo vinavyonasa vifurushi vya LDL kutoka kwenye damu, na hivyo damu husafishwa. Ugunduzi wa vipokeo hivyo uliwapatia Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1985. Statini ya kwanza kuuzwa, lovastatini ya kampuni ya Merck, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1987.

Kwa miaka kadhaa baadaye bado kulikuwa na shaka: je, kushusha lehemu kunaokoa maisha, au kunapendezesha tu majibu ya maabara? Jibu lilitolewa mwaka 1994 na utafiti uliofanyika katika nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo. Nusu yao walipewa simvastatini, na nusu nyingine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka zaidi ya mitano, katika kundi lisilopata dawa walikuwa wamefariki wagonjwa 256, na katika kundi lililopata dawa wagonjwa 182. Kwa maneno mengine, kati ya kila wagonjwa 100, badala ya kufa 12 walikufa 8.

Takwimu hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba dawa inaokoa maisha. La pili ni kwamba haiwezi kumhakikishia mgonjwa mmoja mmoja: wapo waliofariki ingawa waliimeza, na wapo walioishi bila kuimeza. Ni kinga, na kama ilivyo kwa chandarua, faida yake haionekani kwa usiku mmoja.

Hataza, faida na kushuka kwa bei

Dawa mpya inapogunduliwa, kampuni husika hupewa hataza, yaani haki ya pekee ya kuitengeneza na kuiuza kwa muda maalumu. Katika muda huo hakuna mshindani, na bei hupangwa na mwenye hataza. Statini ziliziletea kampuni za Ulaya na Marekani utajiri mkubwa. Atorvastatini, iliyoingia sokoni mwaka 1997 kwa jina la Lipitor na baadaye kumilikiwa na kampuni ya Pfizer, ilikuwa kwa miaka mingi dawa iliyoongoza duniani kwa mauzo. Kabla ya kupoteza ulinzi wa hataza nchini Marekani, mauzo yake yalikuwa yamezidi dola za Marekani bilioni 100.

Ulinzi huo ulimalizika Novemba 30, 2011. Tangu hapo, viwanda vingine viliruhusiwa kuuza Marekani atorvastatini isiyo ya jina la Lipitor. Dawa ya namna hiyo huitwa dawa jeneriki: ina kiambato kilekile, kwa kipimo kilekile, na inapaswa kufanya kazi ileile mwilini, ila inauzwa kwa jina la kisayansi au kwa jina la kiwanda kilichoitengeneza. Wazalishaji walipoongezeka, bei ikashuka sana. Simvastatini ilitangulia katika mkondo huo, na mwaka 2007 WHO iliiingiza katika Orodha ya Dawa Muhimu, yaani dawa ambazo mfumo wa afya wa nchi yoyote unapaswa kuwa nazo.

Kwa Tanzania kuna jambo la ziada. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinaziruhusu nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, kutolazimika kulinda hataza za dawa hadi Januari 1, 2033. Nafuu hiyo inatoa nafasi ya kununua dawa jeneriki na ya kujenga viwanda vya ndani.

Mwananchi anapoambiwa dukani kuwa ipo statini “ya Ulaya” ya bei kubwa na “ya kawaida” ya bei ndogo, asione haya kuuliza kiambato ni kipi, ni miligramu ngapi, na kama dawa zote mbili zimesajiliwa. Majibu yakiwa sawa, bei kubwa haimnunulii moyo wenye afya zaidi.

Hilo halina maana kwamba kila kidonge cha bei nafuu ni salama. Mwaka 2001 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliondoa sokoni statini yake iliyoitwa serivastatini baada ya kuhusishwa na vifo vilivyotokana na kuharibika kwa misuli. Dawa hiyo ilikuwa ya kampuni kubwa na ya bei ya juu. Mwaka 2012, kampuni ya Ranbaxy ya India iliita kurudishwa kwa baadhi ya matoleo ya atorvastatini yaliyouzwa Marekani, kwa hofu ya kuwa na chembe za kioo. Hiyo ilikuwa dawa jeneriki. Ukubwa wa jina na ukubwa wa bei havitoshi kuthibitisha ubora. Usimamizi wa mamlaka ndio unaothibitisha.

Safari ya kidonge hadi Kagera

Sehemu kubwa ya dawa zinazotumika nchini huagizwa kutoka nje, na India ni miongoni mwa vyanzo vikubwa. Kabla ya kuingia sokoni, dawa hutakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua jukumu hilo kwa jina hilo tangu mwaka 2019. Mamlaka hutathmini nyaraka za dawa, hukagua viwanda, huchukua sampuli sokoni na kuzipima maabara, na huondoa dawa zisizokidhi vigezo.

Kwa vituo vya umma, ununuzi na usambazaji hufanywa na Bohari ya Dawa (MSD), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1993. Mkoa wa Kagera una bahati ya kuwa na kituo cha Bohari ya Dawa wilayani Muleba, hivyo hospitali, vituo vya afya na zahanati havilazimiki kutegemea safari ndefu ya kwenda Mwanza. Pale bohari inapokosa dawa, kituo kinaweza kununua kwa mshitiri aliyeteuliwa kwa utaratibu wa mkoa. Kwa upande wa sekta binafsi, dawa hupita kwa muagizaji, kisha kwa muuzaji wa jumla, hadi kwenye famasi ya rejareja. Kila mkono unaoigusa huongeza gharama, na ndiyo sababu bei ya kidonge kilekile inaweza kutofautiana kati ya famasi na famasi.

Katika Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, dawa zimepangwa kwa ngazi za vituo, kuanzia zahanati hadi hospitali za kibingwa. Mgonjwa anayeambiwa kuwa dawa yake haitolewi katika zahanati ya kijiji asidhani amebaguliwa. Aulize ni kituo gani cha karibu kinachoitoa, na aombe, ikiwezekana, kupewa dozi ya muda mrefu zaidi. Ombi hilo ni la msingi kwa mkoa huu. Mkazi wa Kata ya Nyanga katika Manispaa ya Bukoba anaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mkazi wa Kamachumu anazo karibu hospitali za mashirika ya dini kama Ndolage. Lakini mvuvi wa Kisiwa cha Goziba au Bumbire, wilayani Muleba, hana budi kulivuka ziwa, na nauli ya mtumbwi pamoja na siku za kazi alizopoteza huweza kuwa gharama kubwa kuliko dawa yenyewe.

Mkoa unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na watu huvuka mpaka kila siku kwa biashara na kwa kutembelea ndugu. Dawa iliyonunuliwa ng’ambo ya Mutukula kwa sababu ni rahisi, au iliyopitishwa kwenye njia za panya, huenda haijasajiliwa nchini, na endapo itamdhuru mtu itakuwa vigumu kuifuatilia. Kabla ya kulipa, mnunuzi aangalie mambo manne: jina la kiambato na kipimo chake, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama dawa imo katika daftari la dawa zilizosajiliwa, ambalo TMDA huliweka kwenye tovuti yake. Statini ni dawa ya cheti. Haipaswi kuuzwa mnadani, kwenye basi wala kwa kuletewa na mtu aliyejitangaza kwenye simu kuwa ana “dawa ya kusafisha mishipa”.

Nani anazihitaji

Si kila mwenye lehemu iliyopanda kidogo anahitaji kidonge. Madaktari hawatibu namba peke yake. Hutibu hatari aliyonayo mtu. Makundi yafuatayo ndiyo yanayonufaika zaidi.

Kundi la kwanza ni waliokwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi kilichosababishwa na mshipa kuziba. Kwa hawa, mjadala ni mfupi: isipokuwa kuna sababu maalumu ya kitabibu, statini ni sehemu ya tiba yao. Kundi la pili ni wenye kisukari waliofikisha umri wa miaka 40. Kundi la tatu ni wale ambao hesabu ya umri, jinsia, shinikizo la damu, uvutaji wa sigara na lehemu inaonesha kuwa wana hatari kubwa ya kupata tatizo katika miaka 10 ijayo. Kundi la nne, dogo lakini lenye hatari kubwa, ni waliorithi lehemu ya juu sana; dalili yake mojawapo ni ndugu kadhaa wa familia moja kupata shambulio la moyo wakiwa bado vijana.

Kwa kundi la tatu, mwaka 2019 WHO ilitoa chati mpya za kukadiria hatari hiyo, zikiwemo za ukanda wa Afrika Mashariki. Zipo chati zinazotumia kipimo cha lehemu, na zipo zinazotumia uwiano wa uzito na urefu badala yake. Hii ina maana kwamba hata zahanati isiyo na mashine ya kupima lehemu, ikiwa na mzani, futi ya kupimia urefu na kipimo cha presha, inaweza kumtambua mtu anayepaswa kupelekwa mbele. Mwananchi mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea asisubiri kuumwa ndipo apimwe.

Kagera, VVU na moyo

Kuna sababu ya pekee inayolifanya suala hili kuwa la Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana mkoani humu mwaka 1983. Kwa miaka mingi familia za Bukoba na Muleba zilizika vijana wao, na bibi na babu wakabaki kulea wajukuu. Kuanzia mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa bila malipo dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV), na waliozianza mapema na kuzizingatia leo wamezeeka. Huo ni ushindi. Lakini ushindi huo umeleta swali jipya: aliyeokolewa na ARV asije akaondolewa na moyo.

Utafiti umeonesha kuwa mtu anayeishi na VVU, hata virusi vikiwa vimefubazwa, ana hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya moyo kuliko mwenzake wa umri uleule asiye na VVU. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa kimataifa uitwao REPRIEVE, uliohusisha watu 7,769 wanaoishi na VVU, wenye umri wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, ikiwemo jirani yetu Uganda. Waliopewa statini iitwayo pitavastatini walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 pungufu kuliko wasiopewa. Kwa hesabu ya kawaida, kati ya watu 1,000 kwa mwaka mmoja, idadi ilishuka kutoka takribani 7 hadi takribani 5. Kwa mtu mmoja ni tofauti ndogo. Kwa mkoa wenye watu takribani milioni 3 na historia kama ya Kagera, ni watu halisi wanaobaki mezani kwao.

Hapa lazima itolewe tahadhari nzito. Baadhi ya ARV, hasa zile zenye ritonavir zinazotumika zaidi katika dozi ya mstari wa pili, hupandisha kiwango cha simvastatini mwilini hadi kuwa sumu kwa misuli. Dawa hizo mbili hazipaswi kutumiwa pamoja. Zipo statini nyingine zinazoweza kutumika chini ya uangalizi. Kwa hiyo anayetumia ARV asinunue statini dukani kwa ushauri wa rafiki, na daktari anayemwandikia statini aelezwe ukweli wote. Mgonjwa anayeificha kadi yake ya kliniki ya tiba na matunzo kwa kuona haya anajiweka katika hatari ambayo ingeweza kuepukwa kwa sentensi moja.

Madhara na uvumi

Statini zina madhara, na ni haki ya mgonjwa kuyajua. Lililo maarufu ni maumivu ya misuli. Kuharibika kwa misuli kwa kiwango cha kuhatarisha figo hutokea kwa nadra sana, lakini dalili zake zinahitaji hospitali siku hiyohiyo: maumivu makali na udhaifu wa misuli, pamoja na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Dawa hizi pia zinaweza kupandisha kidogo sukari ya damu, na mara chache huligusa ini. Mjamzito, anayenyonyesha, au anayepanga kupata ujauzito amweleze daktari kabla ya kuanza au kuendelea.

Dawa nyingine nazo zihesabiwe. Anayetumia amlodipini kwa ajili ya presha hapaswi kuzidisha miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Baadhi ya viuavijasumu, kama erithromaisini na klarithromaisini, havipatani nayo. Tunda la balungi na juisi yake huongeza kiwango cha simvastatini na, kwa kiasi kidogo, cha atorvastatini katika damu.

Hata hivyo, si kila uchungu wa mwili unatokana na kidonge. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa, kwa miezi tofauti na bila kujua kipi ni kipi, statini na vidonge visivyo na dawa. Takribani asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye vidonge visivyo na dawa. Usumbufu wao ulikuwa wa kweli, ila chanzo chake kikubwa hakikuwa dawa. Funzo ni kwamba mwenye maumivu asinyamaze na asiache kimyakimya. Arudi kliniki. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina ya statini.

Chakula cha Kagera na lehemu

Kidonge hakichukui nafasi ya chakula bora, mwendo wa miguu na kuacha sigara. Chakula cha asili cha mkoa huu, yaani ndizi, maharage, mboga za majani na samaki, si adui wa moyo. Tatizo huanzia kwenye kinachoongezwa: mafuta mengi ya kukaangia, nyama yenye mafuta, chumvi iliyozidi na pombe. Mafuta ya mawese yana kiasi kikubwa cha mafuta yanayopandisha lehemu kuliko ya alizeti.

Kuhusu kahawa, fahari ya mkoa, ukweli ni huu: kahawa iliyochemshwa na kunywewa bila kuchujwa kwa karatasi hubaki na mafuta yaitwayo kafestoli, ambayo hupandisha lehemu kwa anayekunywa vikombe vingi kila siku. Ikichujwa kwa karatasi, sehemu kubwa ya mafuta hayo hubaki kwenye chujio. Kahawa ya kuyeyuka papo hapo, ya aina inayotengenezwa na kiwanda cha TANICA mjini Bukoba, ina kiasi kidogo sana. Hakuna sababu ya kuiacha kahawa. Ipo sababu ya kubadili namna ya kuiandaa.

Kutoacha ndiyo tiba

Tuchukue mfano wa mkulima wa kahawa aliyepona kiharusi. Msimu ukiwa mzuri, hununua dawa zake zote. Msimu ukiisha, hupunguza: kwanza statini, kwa kuwa haihisi. Lehemu aliyoishusha kwa miezi sita hurudi ilipokuwa ndani ya wiki chache. Akipata kiharusi cha pili, kaya itauza kipande cha kibanja, mtoto mmoja ataacha shule ili amhudumie, na gharama ya wiki moja ya hospitali itazidi ya vidonge alivyoviacha.

Mkulima huyo alikuwa na njia nyingine. Angeweza kumwambia daktari waziwazi kuwa fedha haitoshi, akaandikiwa statini jeneriki ya bei nafuu zaidi. Angeweza kuuliza bei katika famasi mbili au tatu zilizosajiliwa na kupiga hesabu ya mwezi mzima kabla ya kuchagua. Angeweza kutenga fedha ya dawa wakati wa mauzo, kama anavyotenga ya mbolea. Na angeweza kujiunga na bima ya afya: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetungwa ili ugonjwa wa muda mrefu usiwe njia ya kuelekea umaskini.

Upande wa pili wa wajibu ni wa watoa huduma. Kituo kinachoagiza dawa kwa wakati na kwa takwimu sahihi za wagonjwa wake hakitamrudisha mtu mikono mitupu. Mfamasia anayetumia dakika mbili kueleza dawa ni ya nini huokoa matibabu ya mwaka mzima. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemkumbusha mgonjwa tarehe ya kliniki hufanya kazi ambayo hakuna kidonge kinachoweza kuifanya.

Dawa iliyokuwa ya matajiri miaka 30 iliyopita sasa inaweza kumfikia mkulima wa Muleba na mvuvi wa Bumbire. Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea aende kituo cha afya kilicho karibu naye akapimwe presha, sukari na, inapowezekana, lehemu. Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiiache kabla ya kuzungumza na aliyemwandikia.